Njia Inayopita kwa Marafiki

Mwenyekiti, ndugu wasafiri, na ninyi mliokuja kusikiliza tu kabla hamjaamua kununua wala kukodi chochote, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie safari ya mtu mmoja ndani ya gari-nyumba. Najua wengi mnasubiri nianze na magari yenyewe: lipi refu, lipi fupi, lipi linabwia mafuta. Tutafika huko. Kwanza nataka niseme neno ambalo nimelibeba muda mrefu, nalo ni hili: anayesafiri peke yake kwa gari-nyumba na aipange njia yake kwa kufuata watu. Milima, maziwa na miji ya kale utavikuta katikati, maana ni nadra kwenda kwa rafiki wa mbali usipite penye cha kutazama. Ukianza na mandhari, marafiki hawatokei katikati hivyo. Watabaki upande wa pili wa ramani, nawe utajiambia mwaka ujao, kisha mwaka ujao tena.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama siogopi upweke. Nalipokea kwa heshima, kwa sababu upweke wa barabarani upo na hakuna haja ya kuuficha. Mchana hausikiki, mikono ina kazi, macho yana kazi. Huja jioni, ukishazima injini, ukishapika na kula, ukishaosha sahani moja na kikombe kimoja, na nje giza limeshaingia. Wapo wanaoupenda utulivu huo, na mimi ni mmoja wao, ila kwa kipimo. Usiku wa kwanza ni mapumziko matupu. Zikipita siku nyingi mfululizo bila kuzungumza na mtu anayejua ulikotoka, hali hubadilika, na ziwa hata liwe zuri namna gani haliwezi kukuuliza habari za nyumbani.

Niwaambie habari ya mzee mmoja wa zamani katika mambo yetu haya. Mwaka 1885, William Gordon Stables, Mskoti aliyewahi kuwa daktari katika jeshi la wanamaji la Uingereza, alijengewa mjini Bristol nyumba ya mbao juu ya magurudumu, ya kukokotwa na farasi wawili. Ilikuwa na uzito wa karibu tani mbili, naye akaiita Wanderer. Akaondoka nayo Twyford, kusini mwa Uingereza, akaelekea kaskazini hadi Inverness huko Scotland, safari ya maili zipatazo 1,300, yaani zaidi ya kilomita 2,000. Watu walipounda Caravan Club, chama cha wasafiri wa nyumba za magurudumu, mwaka 1907, walimpa cheo cha makamu wa rais. Husemwa kwamba ndiye aliyetuonyesha kuwa mtu anaweza kuhama na nyumba yake kwa raha tu, pasipo kulazimishwa na biashara wala dhiki.

Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na mtu wa kuwaongoza farasi, na alikuwa na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kazi yake ikiwa kutazama njia, kuwaonya wanaokuja kwenye kona nyembamba, na kujua mbele kukoje. Mimi humfikiria sana mtu yule wa baiskeli. Magari ya leo yametuondolea farasi. Yametupa usukani mwepesi, kamera ya nyuma, friji, taa, hita, na mtu mmoja anaweza kuyafanya yote ambayo zamani yalihitaji watu watatu. Kazi moja tu haijapata mrithi, ile ya kutangulia. Anayesafiri peke yake hana mtu wa kumwambia kwamba daraja lile ni la chini mno kupita chini yake, au barabara ile imefungwa, au usiku wa leo si wa kulala pale. Rafiki anayekungoja mbele ndiye anayeishika kazi hiyo. Yeye anaijua barabara ya kwao. Anajua mti ulioinama, tuta lisilo na alama, na kona ambayo malori hukwama. Ukiwa na rafiki kila baada ya siku mbili tatu, una mtu wa baiskeli njia nzima.

Na tunayoyapata huko si ya njia tu. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, alichapisha utafiti kuhusu saa ambazo watu huhitaji kukaa pamoja hadi wawe marafiki. Makadirio yake yalikuwa kama saa 50 kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama saa 90 hadi mtu aitwe rafiki hasa, na zaidi ya 200 hadi awe rafiki wa karibu. Yeye alipima urafiki unaoanza. Mimi, kwa niliyoyaona, nasadiki kwamba hata urafiki wa zamani unataka saa zake, na saa hizo ndizo tunazokosa. Tukikutana na rafiki kwa chakula cha jioni tunapata saa mbili. Nusu ya kwanza inakwenda kwenye salamu, picha za watoto na habari za waliofariki. Nusu ya pili mnaanza kuzungumza, na mtu anatazama saa. Ukiegesha uani kwake na kulala siku mbili, mnapata muda usio na shughuli: anamwagilia miche wewe umesimama pembeni, anarekebisha bomba wewe unamshikia tochi, mnakaa kimya. Mara nyingi neno lenyewe, lile mtu alilokuwa nalo moyoni, hutoka asubuhi ya pili. Nimeliona hilo kwa watu wasiofanana kabisa, na sasa siondoki kabla ya asubuhi ya pili kama naweza kuepuka.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba kumpokea mtu ni kazi. Kuna kitanda cha kutafuta, shuka za kufua, foleni ya bafuni, na mwenyeji anayelazimika kuchangamka hata siku asiyojisikia. Gari-nyumba hulipunguza zigo hilo kuliko kitu chochote ninachokijua. Unafika na kitanda chako, choo chako, maji yako, jiko lako na mlango wako wa kufunga saa tatu usiku bila kumuudhi mtu. Mwenyeji anatoa kitu kimoja tu, kipande cha ardhi cha kusimamia.

Tazameni hilo linafungua milango ya nani. Nina rafiki aliyejifungua, nyumba imejaa, hakuna anayelala, nilimtembelea. Nina mwingine anayekaa na familia ya mwanawe katika vyumba viwili, nilimtembelea. Yupo wa tatu, na huyu nataka nimzungumzie kidogo. Alikuwa akimuuguza mama yake mzazi, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeondoka na ambaye hakuweza kuachwa peke yake hata kidogo. Kwa miaka alikuwa akiniambia nisije, hana nafasi, hana nguvu. Nikamwambia sihitaji nafasi, nahitaji kusimama mbele ya nyumba yako. Nikaja. Sikuingia ndani zaidi ya kumsalimu mama. Nilipika kwangu, na ndugu yake alipokuja kumpokea zamu ya jioni, rafiki yangu akavuka uwanja akaja kula kwangu. Nilikuwa nimegeuza kiti cha dereva kikaelekea mezani. Akaketi hapo, hatua chache kutoka kwake, lakini hakuwa kwake. Hakuna aliyemwita. Alipomaliza kula alijilaza kwenye kitanda changu, akalala usingizi mzito, nami nikakaa nje kwenye ngazi nikimwangalizia mlango. Baadaye aliniambia kwamba ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu kuwa mgeni wa mtu.

Ndugu zangu, hoteli haikupi jambo hilo. Wala chumba cha wageni. Gari-nyumba humwezesha anayetembelea kuwa mwenyeji, na kwa marafiki waliofungwa na kazi ya kuuguza, kulea au maradhi yao wenyewe, sijui zawadi iliyo bora kuliko hiyo.

Ila ili mlango ubaki wazi, lazima uje vizuri. Nitaingia sasa kwenye mambo ya mikono, na nitayakalia, kwa sababu nimeona urafiki mzuri ukiingia doa kwa ajili ya geti lililokwaruzwa.

Katika ujumbe uleule unaosema unakuja lini, sema na unaondoka lini. Usimwache mwenyeji akikisia. Mimi huomba usiku mbili. Akitaka nibaki atasema, na akisema mara moja kwa adabu namshukuru na kuondoka, akisema mara ya pili nabaki. Kisha uliza kuhusu mahali, na uliza kwa vipimo. Geti lina upana gani? Jua upana wa gari lako pamoja na vioo vya pembeni vikiwa vimefunguliwa, maana namba iliyo kwenye karatasi za gari mara nyingi haihesabu vioo. Kuna waya au tawi linalopita juu? Magari mengi ya aina hii hukaribia mita 3 kwenda juu na mengine huzidi; andika kimo chako kwa herufi kubwa ukibandike mbele ya usukani, kwa sababu programu nyingi za ramani za simu zinadhani unaendesha gari dogo. Ardhi ni ngumu au ni nyasi? Gari la tani 3 na nusu likisimama kwenye nyasi usiku wa mvua, asubuhi unaacha mifereji miwili uani kwa mtu. Kuna mteremko? Mteremko mkali utakukwaruza sehemu ya nyuma ya gari, ile inayoning'inia baada ya magurudumu. Na majirani je, na kanuni za mtaa zinasemaje? Kuna mitaa isiyoruhusu mtu kulala ndani ya gari, hata kama gari liko kwenye kiwanja cha rafiki.

Muombe akupigie picha akiwa amesimama getini akiangalia barabarani, kisha nyingine akiwa barabarani akiangalia geti. Picha hizo mbili hujibu zaidi ya nusu ya maswali.

Fika mchana. Uani kwa mtu pana vitu usivyovijua: ndoo, mbwa, baiskeli ya mtoto. Na usirudi nyuma kwa kutegemea kamera. Shuka, zunguka gari kwa miguu, tazama juu na chini, kisha panda. Ukiona shaka katikati, simama ushuke tena, hakuna anayekukimbiza. Rafiki akitaka kukuelekeza, kubalianeni kwanza ishara za mikono, na umwambie jambo moja: asimame pale ambapo wewe unamwona kwenye kioo. Akipotea kiooni, unasimamisha gari papo hapo. Watu wengi hupenda kusimama nyuma kabisa ya gari wakipiga kelele ya “njoo, njoo”, na hapo ndipo hatari ilipo.

Umeme. Ukiegesha uani, rafiki atakuletea waya akwambie chomeka. Mshukuru, kisha tumia waya wako mwenyewe, mnene, wa matumizi ya nje. Ukiwa umeviringwa kwenye gurudumu lake, uufungue wote hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu waya uliojiviringa hupata joto na unaweza kuyeyuka. Na kumbuka soketi ya nyumbani haikujengwa kwa ajili ya kuendesha nyumba nyingine. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, na huenda soketi hiyo iko laini moja na friji na mashine ya kufulia ya mwenyeji. Mimi huchaji betri basi, na joto napata kwa gesi. Ukiwa na paneli za sola juu ya paa na betri nzuri ya lithiamu, mara nyingi hutahitaji kuomba umeme kabisa, na kutoomba kunapendeza.

Maji ni rahisi, omba ujaze. Ila lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 100 ni kilo 100 juu ya ekseli zako, kwa hiyo usijaze kwa rafiki wa leo maji utakayoyatumia kwa rafiki wa keshokutwa.

Choo ndicho kinachohitaji heshima kubwa zaidi. Kaseti nyingi za choo, yaani vile vitangi vya kuchomoa vinavyopokea uchafu, hubeba lita zipatazo 20, na kwa mtu mmoja hizo hutosha siku kadhaa. Basi ifike kwa rafiki ikiwa tupu, na iondoke bila kumwagwa kwake. Usimwombe. Akikuruhusu mwenyewe, uliza kwanza kama nyumba yake inatumia tangi la maji taka la uani, kwa sababu baadhi ya dawa za choo tunazotumia huua bakteria wanaofanya kazi ya kuozesha uchafu ndani ya tangi hilo, na unaweza kumwachia tatizo litakalojulikana ukiwa umeshafika mbali. Maji ya sinki nayo yasimwagike kwenye bustani yake. Vituo vya kumwagia vipo viwanja vya kambi na kwingineko. Vipange kwenye njia kama unavyopanga mafuta.

Na wale marafiki wanaoishi ghorofani, mjini, pasipo hata nafasi ya pikipiki? Hao usiwaruke. Egesha kwenye kambi iliyo karibu na usafiri wa umma, uwafuate mchana, kisha uwaalike jioni waje kwako. Nimeona watu wa mjini wakifurahia meza ya futi mbili kuliko mkahawa wowote.

Sasa kuna usiku wa katikati, ule ambao huna rafiki. Hapa nawasihi msiamini habari za kusikia. Watu husema Sweden kila mtu ana haki ya kukaa msituni. Ni kweli kwa anayetembea kwa miguu na hema lake. Haki hiyo ya umma haihusu vyombo vya moto, na kuendesha gari nje ya barabara kwenye ardhi isiyo na theluji ni marufuku. Kule New Zealand, sehemu nyingi zinazoruhusu kulala bure nje ya kambi zinataka gari liwe na cheti kinachoonyesha kwamba linajitosheleza kwa maji na choo. Marekani, kwenye ardhi kubwa za umma zilizo chini ya ofisi ya Bureau of Land Management, kwa kawaida unaruhusiwa siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unahama. Kila mahali pana sheria yake. Rafiki aliye mbele anaweza kukuulizia. Hiyo nayo ni kazi ya mtu wa baiskeli.

Niseme kuhusu usalama, kwa kuwa aliye peke yake hana wa kumwamsha. Gesi inayoua ndani ya magari haya ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, hutokana na moto usiopata hewa ya kutosha. Weka kengele yake, ijaribu kila unapoanza safari, usipashe chumba joto kwa kuwasha jiko la kupikia, na usiingize mkaa unaowaka ndani, hata uwe umebaki jivu jekundu tu. Gesi ya mtungi yenyewe ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja huteremka. Ndiyo sababu sakafu ina matundu ya hewa, nanyi msiyazibe kwa zulia eti baridi inaingia. Baridi ikikusumbua, tazama kilichomo mtungini. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0. Propani huendelea hadi kama 42 chini ya sifuri. Wengi wamedhani hita imeharibika kumbe mtungi ni wa butani na nje kumeganda.

Napenda pia gari ambalo unaweza kutoka kitandani hadi kwenye usukani bila kushuka. Ukisikia jambo usilolipenda usiku, huna haja ya kulichunguza. Unaketi, unawasha, unaondoka. Kwa hiyo egesha ukielekea njia ya kutokea, ufunguo uwe mahali pamoja siku zote, na usitandaze viti na meza nje usiku mahali usipopajua.

Uchovu ni adui mkubwa kuliko wezi. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unashauri kupumzika angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Madereva wa malori wa Umoja wa Ulaya hulazimika kupumzika dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na hao wamezoea. Sisi tunaendesha chombo kirefu kinachosukumwa na upepo, bila mtu wa kupokezana naye, kisha jioni tuwe watu wa kuzungumza. Mimi naona kilomita 200 hadi 250 kwa siku zinatosha sana. Ukifika umechoka, rafiki yako anapokea mwili tu. Kwa hiyo usimwambie saa ya kufika. Mwambie “mchana” au “kabla ya giza”. Saa kamili humfanya apike kwa saa hiyo na wewe ukimbie kwa saa hiyo, na hapo ndipo ajali zinapotokea.

Kila unapoondoka kwa rafiki mmoja, anayefuata ajue njia unayopita, na aliyekuaga ajue kwamba umefika. Si lazima wafahamiane, ingawa wangu sasa wanafahamiana. Wameanza kupigiana simu kuulizana kama nimepita. Sikuwapangia hilo, na limenipa faraja ambayo siwezi kuieleza vya kutosha.

Niliahidi kuzungumzia magari, na nitakuwa mfupi. Mkiniuliza gari gani, nitawajibu: linaloingia kwenye mageti ya marafiki zako. Kwa mtu mmoja, fupi hushinda refu karibu kila mara. Angalieni pia leseni. Leseni ya kawaida ya gari ya daraja la B katika Ulaya kwa miaka mingi imekuwa na kikomo cha kilo 3,500, na Uingereza waliofaulu mtihani kabla ya tarehe 1 Januari 1997 wengi wao waliachiwa hadi 7,500. Kilo hizo ni za gari likiwa limebeba kila kitu, pamoja na wewe, maji, gesi na zawadi. Pitisheni gari kwenye mizani likiwa limejaa. Na tazameni tairi, kwa sababu haya ni magari yanayosimama sana, na tairi huzeeka hata likiwa na meno. Ubavuni pana namba inayoanza na herufi DOT; tazama tarakimu zake nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ikiandikwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Uliza hilo kabla ya kuuliza rangi ya mapazia.

Nirudi kwa watu. Msitarajie kila ziara iwe tamu. Wapo niliowakuta wamebadilika, nami nimebadilika, na tulikaa uani tukitafuta cha kusema. Ziara ya namna hiyo nayo ina faida yake. Mmejua mlipofikia, mmeagana kwa heshima, na kesho yake unaendelea na safari pasipo kinyongo. Ungelala chumbani kwake ingekuwa vigumu zaidi kwenu wote wawili. Wapo pia ambao nilidhani ni wa kusalimia tu, na ndio sasa naanza nao ninapochora njia.

Na wapo wasiosubiri mwaka ujao. Yupo rafiki niliyeegesha mbele ya nyumba yake akiwa hawezi tena kutoka kitandani. Tulivuta kitanda chake karibu na dirisha, nami nikasogeza gari hadi dirisha langu likatazamana na lake. Usiku alipokosa usingizi aliwasha taa, nami nikawasha yangu, na tukazungumza kwa simu tukionana. Ile safari nilikuwa nimeipanga kwenda kwingine kabisa, pwani, kabla joto halijaisha. Pwani iko palepale hadi leo. Nawaambia hili waziwazi kwa sababu kuna watu humu ndani wenye gari limeegeshwa, lina mafuta, na jina la mtu limewajia sasa hivi ninapozungumza.

Kwa wanaoanza, njia ya kwanza iwe na marafiki watatu, waliopishana kwa mwendo wa siku moja. Wa kwanza awe yule ambaye hata gari likigoma uani kwake atacheka na kuleta kiti. Wa pili awe mwenye uwanja mgumu na geti pana, mjizoeze kuingia na kutoka. Wa tatu awe yule hasa mnayemtamani, ambaye hamjaonana kwa muda mrefu. Mkifika kwake mikono itakuwa imeshazoea usukani na hamtakuwa mkihangaika na waya na mabomba badala ya kumtazama usoni. Pateni siku moja ya ziada kabla yake, ya kulala mapema na kumwaga maji machafu.

Nimechapa ile orodha ya maswali ya geti, matawi, mteremko na tangi la uani kwenye karatasi moja. Ziko kwenye meza pale karibu na mlango, chukueni na za wenzenu. Mwenyekiti ameniambia tuna muda wa maswali, na namwona ndugu mmoja nyuma ameshanyanyua mkono tangu nilipotaja betri. Karibu, ndugu yangu.